Mtoto Halipi Kwao

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu bei ya kwanza ni salamu tu. Hakuna anayenunua salamu. Nilifundishwa kupatana bei kabla sijafundishwa kufunga kamba za viatu. Bibi yangu alikuwa akinichukua sokoni, akiuliza bei ya nazi, na akishatajiwa anaondoka kwa madaha kama aliyetukanwa. Muuzaji anamwita, yeye hageuki. Anaitwa tena, hageuki. Nilikulia katika chuo hicho, na nilihitimu vizuri. Ndiyo maana hadi leo mke wangu akitaka kunikera hutaja ile gereji ya Rosettenville, hapa Johannesburg, ambako mimi, mjukuu wa bibi yule, nilisimama gizani nikambembeleza mwanamke mzee anipandishie kodi.

Kazi yangu ni kutengeneza majokofu na mashine za kufulia majumbani mwa watu. Sina duka. Duka langu ni gari, kigari cheupe cha mizigo, kizee, kinachokohoa asubuhi za baridi. Mke wangu aliuza bangili zake za harusi ili tukinunue. Hakulalamika, ila ile siku alipozivua alipaka mikono mafuta, akaiweka mapajani na kuitazama kwa muda mrefu. Tangu hapo kigari kile hakikuwa changu peke yangu. Kikiibwa, zimeibwa bangili, umeibwa mkate wa binti yetu, na sisi tunafunga virago kurudi kwetu mikono mitupu.

Na kilikuwa kinalala nje. Ghorofa tunayoishi ilijengwa zamani, enzi ambazo nadhani wenye magari hawakutarajiwa kuishi humo. Kwanza ikaibwa betri. Kisha kikavunjwa kioo, wakachukua drili na gesi yangu ya majokofu. Kisha, asubuhi moja ya Jumatatu, nikakikuta kimekaa juu ya matofali, kimevuliwa matairi yote. Mlinzi wa mtaa, ambaye tulikuwa tunamlipa kila wiki, alinitazama kwa huruma akasema, "Eish, baba." Hiyo ndiyo huduma niliyoipata kwa pesa yangu.

Nikaanza kutafuta mahali pa kukilaza. Gereji kwetu ni mahali pa kutengenezea magari. Hapa ni chumba cha gari, na vyumba vya magari vya Johannesburg vina kiburi kuliko vya watu. Katikati ya mji nilionyeshwa chini ya jengo ambalo juu yake kuna kanisa. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka darini, na kulikuwa na magari yaliyofunikwa vumbi zito ambayo mlinzi mwenyewe hakujua ni ya nani. Lango lilifungwa jioni mapema, na fundi anayeitwa usiku na mwenye jokofu la nyama hana saa maalumu. Kule Kensington, nyuma ya barabara ya maduka, bwana mmoja alitaka kodi ya miezi kadhaa mkononi, kisha akafungua mlango: mlikuwa na jokofu lake kubwa, baiskeli, makochi, na mbwa. Nafasi iliyobaki ingetosha pikipiki. Nilimwuliza kama mbwa naye analipa kodi. Tukaachana hapo.

Aliyenipa habari ya gereji ya mama yule ni kinyozi wangu, Mkongomani, ambaye hukata nywele na kutangaza habari kwa wakati mmoja.

"Iko mama moja kule chini, nyuma ya shule," akasema. "Garage yake inabakia tu, hakuna mutu anaingia. Lakini, mon frère, watu banaenda, banarudi. Hapatie mutu."

"Mimi atanipa," nikasema.

"Mutanga na mudomo wake," akacheka, akanisukuma kichwa mbele anyoe kisogo.

Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, geti la chuma, mabati yaliyochujuka. Kitu cha kwanza nilichokiona ni taa ya kibarazani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali la Johannesburg lile lisilo na joto, na taa ilikuwa inawaka. Nikapiga hodi. Akatoka mwanamke mzee, mwembamba, amejitanda kanga juu ya sweta mbili. Nilipomsalimu kwa Kiingereza akaniangalia usoni, akajibu kwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa Palma, ng'ambo ya Ruvuma, aliyekuja hapa na mumewe ujanani, akauza mboga mjini miaka na miaka mpaka miguu ikamkataa. Mume alikuwa ameshafariki. Aliishi peke yake.

Alinifungulia gereji. Ndani mlikuwa safi kuliko chumba changu cha kulala. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa wake. Kwenye msumari lilining'inia ovaroli la buluu. Sakafuni kulikuwa na matofali mawili ya kuzuia magurudumu, na katikati doa la mafuta ya injini. Mimi fundi, nikiona mafuta siwezi kuyapita. Nikainama, nikagusa. Yalikuwa mabichi.

"Mama, kuna gari linalala humu?"

"Hakuna," akasema. "Muda mrefu hakuna."

Akataja bei. Haki ya Mungu, ilikuwa bei nzuri. Mtu mwenye akili angelipa akaenda zake. Lakini nilimkumbuka bibi yangu, nikatikisa kichwa, nikaguna, nikatazama dari kana kwamba bati lina matundu. Kisha nikatoa silaha ambayo kila mtu wa kwetu huitoa, kwa muuza mchicha, kwa kondakta, kwa daktari.

"Mama, mimi mwanao tu. Nifikirie mwanao."

Wakati ule ule teksi ikapita nje na kupiga honi mara mbili. Hapa teksi za abiria hazinyamazi. Dereva humpigia honi kila mwenye miguu, hata aliyetoka kumwaga takataka. Mimi nilikuwa sizisikii tena. Lakini mama yule aliganda. Aliinua mkono kuninyamazisha, akageuza uso kuelekea getini, akabaki hivyo mpaka teksi ikapotea kabisa. Kisha akanirudia.

"Umesema wewe nani?"

"Mwanao, mama."

"Sema tena."

"Mwanao."

Akapunguza bei kwa nusu. Mimi sikuwa nimetaja nusu. Hata kuota nisingeota. Bei ikishuka bila wewe kuisukuma, jiulize ni nani anaivuta kutoka upande wa pili. Lakini mimi nilikuwa najipongeza. Akanipa masharti mawili tu: niingie kabla ya magharibi, na nikifika nipige honi mara mbili, yeye mwenyewe atakuja kufungua. Nikaona ni masharti ya kikongwe mwoga wa wezi, na kwa nusu bei hiyo kazi za usiku nikazisamehe. Nikasema, "Sharp, mama," tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na hakuuachia wangu upesi.

Jioni ile nikaingiza gari kinyumenyume. Magurudumu yaligusa matofali yale mawili na pua ya gari ikabaki ndani, nafasi ya kiganja kati yake na mlango. Sikuhitaji kusogeza kitu. Niliposhuka alikuwa amesimama mlangoni.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, mama," nikajibu. Ungejibu nini wewe?

Mwezi wa kwanza nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu tununue gari. Mke wangu alikuwa anamsifu mama yule kwa kila mgeni. Nilipopeleka kodi ya mwezi wa pili, alizihesabu noti, akanirudishia baadhi, akasema jioni nikija nije na mkate. Nikanunua mkate kwenye spaza, kiduka cha pembeni, nikaona ni biashara nzuri. Kesho yake nilipofika mikono mitupu, alisimama palepale mlangoni, akatazama mikono yangu.

"Na mkate?"

Alilisema kwa namna iliyonifanya niombe radhi, nigeuke, nirudi dukani kwa miguu. Tangu siku hiyo nilipita na mkate kila jioni. Aliuweka mezani jikoni, hakuukata. Siku moja nilichungulia dirishani nikaona mikate yote imepangwa juu ya kabati, ya zamani imeota ukungu wa kijani ndani ya mifuko yake.

Baridi ilipoingia alinipa lile ovaroli la buluu. "Utachafuka," akasema. Lilinitosha mabega, likanitosha miguu. Mfukoni mlikuwa na kipande cha chaki ya fundi, nami nikakitumia. Kodi ikapungua tena.

Kisha akaanza kuniita jina. Lilikuwa jina la kawaida la Kiislamu, ambalo katika kila mtaa wa Tanga ukiliita wataitika watu watatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya gereji napanga vifaa, jua limeshazama, na sauti ikatoka upande wa jikoni ikiita. Kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, usiitike, hujui ni nani anayekutaka. Najua hilo kama ninavyojua kutawadha. Lakini sauti ilikuwa ya mama, imechoka, na mimi nilikuwa na deni la fadhila.

"Labeka, mama," nikaitika.

Nilisikia nywele za shingo zikinisimama. Nikajiambia ni baridi ya Juni.

Siku moja kazi iliisha mapema nikafika mchana. Geti lilikuwa wazi kidogo, nikaingia bila kupiga honi. Nilimkuta gerejini, amechutama juu ya lile doa, kopo la mafuta mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Alikuwa anadondosha mafuta taratibu, akiyaeneza kwa mgongo wa kijiko mpaka ukingoni mwa doa, asizidishe. Hakushtuka kuniona.

"Lisikauke," akanieleza, kama mtu anayemwagilia maua.

Nilikwenda moja kwa moja kwa kinyozi. Nywele zangu zilikuwa fupi bado, lakini nilikaa kwenye kiti.

"Huyu mama ana mtoto?"

Akazima mashine. Alipozima mashine nikajua kwamba habari ni nzito. "Alikuwaka na moja. Kijana mukubwa, mécanicien, fundi ya magari. Alitokaka mangaribi moja na gari, anaenda kutafuta mukate. Mpaka leo. Gari habakuonaka, yeye habakumuonaka. Minafikiri ulijua."

"Nani aliniambia?"

"Wewe ulisema atakupa," akajibu. "Nikaona atakupa kweli, nikanyamaza."

Ningeondoka siku ile. Najua msomaji ananiuliza, na mke wangu aliniuliza kwa sauti kubwa zaidi. Lakini niondoke niende wapi? Wiki ile ile gari la jirani yetu lilichukuliwa mbele ya ghorofa, halikuonekana hata tofali. Na kodi yangu ilikuwa imebaki kitu cha kuona aibu, pesa ya soda. Kila jioni nilipolikumbuka lile doa nilikumbuka pia ile mikono ya mke wangu isiyo na bangili. Basi nikaendelea kupiga honi mara mbili.

"Unaitikia jina la maiti magharibi!" mke wangu akafoka. "Wewe mwanamume una akili?"

"Si maiti. Amepotea tu."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Maiti ana pake."

Akasema lazima amwone mama huyo kwa macho yake. Jumapili akafunga chapati kwenye kitambaa, akamshika binti yetu mkono, tukaenda. Mama alitukaribisha sebuleni. Akaleta chai: vikombe viwili, chake na changu. Mke wangu alitabasamu, akamsogezea chapati, akamwamkia kwa adabu zote za kwetu. Mama aliitikia shikamoo, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu nani?"

"Mke wangu, mama. Na huyu binti yetu."

Alicheka kidogo, kicheko cha upole, cha mama anayemjua mwanawe kwa utani wake. "Mwanangu hajaoa," akasema. Na tangu hapo hakuwatazama tena. Hakuwa mkorofi. Alizungumza nami kuhusu mvua, kuhusu magoti yake, macho yake yakipita pale walipokaa kama yanapita kwenye viti vitupu. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kizulu na Kiingereza chake, alininong'oneza: alitaka kujua kama bibi haoni.

Njia nzima mke wangu alitangulia, amemshika binti yetu mkono. Mlangoni ndipo alipogeuka. "Nakuomba kitu kimoja. Siku atakapokwambia usilipe, usikubali. Kitu cha bure kina mwenyewe."

Nilimcheka. Kuna mtu wa Tanga anayekataa bure?

Lakini mambo madogo yakaanza. Nilijikuta nikipiga honi mara mbili mbele ya nyumba za wateja. Mke wangu aliniita mezani mara nyingi nisisikie, mpaka anigonge bega. Halafu siku moja huko Kensington, mwenye mashine ya kufulia aliniuliza jina langu apate kulihifadhi kwenye simu. Nikamtajia. Nilikuwa nimeshafika kwenye robot ya kona, kama waitavyo hapa taa za barabarani, nasubiri ya kijani, ndipo nikatambua kwamba nimemtajia lile la kijana wa Palma. Nililitaja bila kusita, kwa sauti yangu hii hii. Taa ikawa kijani, walio nyuma wakanipigia honi, na mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, nikisema jina langu mwenyewe polepole, nikijisikiliza kama linanienea. Niliogopa. Sijaogopa hivyo hata siku nilipoonyeshwa bastola.

Mwisho wa mwezi ule nilipeleka kodi mapema, noti zangu nimezikunja ndani ya bahasha. Ilikuwa Julai, kiza kinaingia saa kumi na mbili haijatimia. Nilipiga honi zangu, akafungua, akasema umerudi, nikasema nimerudi. Nilisikia kufuli la geti likifungwa nyuma yangu, ingawa kwa kawaida aliliacha mpaka nitoke. Nikampa mkate. Nikampa bahasha.

Akairudisha kifuani kwangu kwa kiganja.

"Mtoto halipi kwao," akasema.

"Mama, hiki ni kidogo tu."

"Halipi. Njoo uone."

Nikamfuata. Nashindwa kueleza kwa nini nilimfuata, miguu ilikwenda. Alifungua chumba cha mwisho wa ukumbi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi, blanketi limekunjuliwa pembe moja. Kandambili zilikuwa chini, zimeelekezwa kwa mtu anayeshuka. Mezani palikuwa na sahani imefunikwa, na chakula kilikuwa cha moto, kwa maana mvuke ulikuwa unatoka pembeni.

"Baridi hii, unatoka tena uende wapi?" akasema. "Ile siku nilifanya makosa, niliacha geti wazi. Leo nimefunga."

Na hapo umeme ukakatika. Ulikuwa mgao tu, zamu ya mtaa ule, nyumba zote hadi barabarani zikawa giza. Lakini taa ya kibarazani, iliyowaka mchana na usiku tangu niijue nyumba ile, nayo ikazimika, na nikamsikia akivuta pumzi. Funguo zililia mfukoni mwake. Akaniita kwa lile jina, sauti ya chini, karibu kabisa na mimi.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema labeka.

Nitasema ukweli: kulikuwa na sehemu yangu iliyotaka kulala. Nilikuwa nimechoka, chakula kilinukia nazi, na kwa miaka mingi hakuna mtu katika mji huu aliyewahi kunitandikia kitanda na kunisubiri hivyo. Ingekuwa rahisi. Gari lingelala salama milele. Nikamwona mke wangu akigeuka pale mlangoni kwetu, akiniomba kitu kimoja. Nikaubana mdomo. Na kwa sababu sijui kupigana na kitu chochote ila kwa njia moja, nikaanza kupatana bei.

"Mama," nikasema, "nipandishie kodi."

Funguo ziliacha kulia.

"Unasemaje?"

"Kodi. Ni ndogo mno. Nipandishie."

"Mtoto halipi."

"Nirudishe kwenye ile ya mwezi wa kwanza."

"Nitakupa mimi pesa," akasema, na nikasikia bahasha nyingine ikichakarika gizani. "Unataka ngapi? Chukua, ununue viatu."

"Sitaki, mama. Nirudishe kwenye ile bei ya kwanza kabisa, kabla sijakubembeleza. Yote."

Alikaa kitandani, springi zililia. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa kavu, ya mtu anayefikiri. "Mwanangu hajawahi kuniomba nimpandishie kitu. Yeye kila siku alikuwa anaomba. Mama nipe ya petroli, mama nipe ya simu. Siku ile aliomba ya mkate."

"Najua, mama."

"Wewe huombi."

"Mimi ni mpangaji wako, mama. Mwanao nilisema kwa ajili ya bei. Kwetu tunasema hivyo. Nisamehe."

Nje teksi hazikupita. Nilikuwa nimesimama katika kiza mlangoni mwa chumba cha mtu mwingine, nimevaa ovaroli la mtu mwingine, nikingoja mwanamke mzee anijue. Nikalivua lile ovaroli palepale, nikalikunja, nikaliweka kitandani kando yake.

"Mpangaji," akasema hatimaye. "Mpangaji analipa ngapi?"

Nikataja ile bei ya kwanza.

"Ndogo," akasema.

Sikuamini masikio yangu. "Mama, ni bei yako mwenyewe."

"Ilikuwa ya kabla ya baridi. Sasa wezi ni wengi. Na geti nafungua mimi na magoti haya." Ilikuwa sauti ya muuza mboga wa mjini, iliyopigana na wanunuzi mpaka miguu ikakataa, nadhani alikuwa hajaitumia siku nyingi. "Ongeza."

Nikaongeza. Akasema ndogo. Nikaguna, nikatazama dari ingawa haikuonekana. Yeye naye akaguna. Tuliishia kwenye bei ambayo hata yule bwana wa Kensington mwenye mbwa angeona haya kuitaja. Nikatoa simu, nikawasha tochi, nikamhesabia noti zote nilizokuwa nazo na kumwahidi zilizobaki. Alizipokea. Alilowesha kidole, akahesabu moja moja, akafika ya mwisho, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kisha akalia. Hakupiga kelele. Alilia akiwa ameshika lile pindo la kanga kwa mikono miwili, na mimi nilikaa sakafuni mlangoni kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kukaa. Aliponipa funguo nijifungulie geti, alisema tu, "Asante, kaka."

Nilipomwambia mke wangu kodi mpya nilitegemea kelele. Alisema Alhamdulillahi, akaniita kwa jina langu, akanitaka niitike. Nikaitika.

Wiki iliyofuata mama alinituma niwatafute watu. Wakaja ndugu wa Tanga na Unguja, na Wamsumbiji wa mtaa ule. Tukafagia gereji, tukatandika mikeka juu ya lile doa, tukamsomea kijana wake khitma. Mke wangu alipika. Mama alimshika mkono jikoni, akamwuliza ana watoto wangapi, na wanaume waliposimama kuondoka walikuwa bado wanaongea.

Mpaka leo gari letu linalala pale, na bei haijapungua hata senti. Kila nikijaribu ananiuliza kama nimeona kodi za Kensington. Doa limekauka. Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa nimeshaegesha, naye akanikaribisha chai kibarazani. Vikombe viwili, mkate aliununua mwenyewe, umekatwa. Taa ilikuwa imezimwa ingawa kiza kilikuwa kinaingia. Alikuwa anamimina chai yangu ndipo nje, mbele kabisa ya geti, honi ikalia mara mbili.

Birika lilisimama hewani. Mimi nilitazama geti. Nakiri nilitazama, na nilijikuta nasikiliza kama mlango wa gari utafunguliwa. Sikusikia injini ikija, wala sikuisikia ikienda.

"Teksi," mama akasema, akaendelea kumimina. "Kunywa, kaka. Itapoa."